Uyoga Aliyemtafunia Mche

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nani huyo kaitika kama mtu aliyekula ugali mkavu? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa msitu!

Msitu wa nani?

Wa waliosimama na waliolala!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni karibu. Na atakayenidakia maneno kabla sijafika, ngano hii ataimalizia mwenyewe.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama na miti walikuwa wakisemezana na hakuna aliyeona ajabu, palikuwa na msitu mnene. Mnene jamani! Hata jua likitaka kuingia lilikuwa likipiga hodi kwanza. Miti ilikuwa mingi katika msitu ule, lakini mzambarau ulikuwa mmoja tu. Wote wakamwita Bibi Mzambarau.

Bibi huyo alikuwa na mkono wa kutoa. Msimu wake ukifika, msitu mzima ndimi zilikuwa za rangi ya zambarau. Kima, ulimi zambarau. Nguruwe mwitu, ulimi zambarau. Hata Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko akili, ulimi zambarau. Ukimwuliza mtu, "Umekula nini asubuhi?" naye akajibu, "Sijatia kitu mdomoni," ulimi wake mwenyewe ulimsuta.

Ndani ya tundu la Bibi Mzambarau aliishi Kindi. Alizaliwa humo, akakulia humo, na mvua zote za maisha yake alizisikilizia humo. Kindi alikuwa na miguu myepesi, mkia mzuri, na moyo mweupe. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa msahaulifu. Akificha karanga leo, kesho anaitafuta kwenye mti wa jirani.

Basi, masika moja yakaja na upepo wa kishari. Bibi Mzambarau alikuwa mzee, ubavu wake mmoja umeshaoza siku nyingi na umeota kuvumwani laini ya kijani. Upepo ukasukuma mara ya kwanza, akayumba. Ukasukuma mara ya pili, akaguna. Ukasukuma mara ya tatu, kwaa! kwaa! gubuu! Bibi akalala chini, na Kindi akarushwa huko kichakani.

"Kindi, mjukuu wangu," Bibi Mzambarau akaita. "Uko wapi?"

"Niko hapa, bibi."

"Umeumia?"

"Mkia tu, bibi."

"Afadhali. Mimi safari yangu imefika. Nisikilize. Nimezaa miaka mia, na kila nilichozaa mmekila. Silaumu, tunda kazi yake kuliwa. Lakini sina mtoto hata mmoja aliyesimama. Nisipopata wa kushika mahali pangu, jina langu limekwisha, na zambarau katika msitu huu basi. Niahidi utaniotesha."

"Nakuahidi, bibi."

"Utasahau."

"Sitasahau!"

"Wewe, mjukuu wangu," akasema bibi, akacheka kidogo, "jana umesahau mlango wa nyumba yako, ukaingia kwa popo." Akanyamaza. Hakusema tena.

Kindi alilia, jamani. Alilia mpaka mkia ukalowa.

Habari zikaenea. Hondohondo aliruka msitu mzima akipiga mbiu, na wanyama wakaja matangani. Wakakaa siku saba. Sasa niambieni, watu wakikaa matangani siku saba wanakula nini? Walikula alichoacha marehemu. Matawi yake yalikuwa yamejaa, yakaliwa yote. Walikuwa wakilia kwa jicho moja na kutafuna kwa mashavu mawili.

Kindi akaona, huku mbegu zitakwisha. Kila mara mtu akijipangusa machozi, yeye alichopoa mbegu moja na kukimbia kuificha. Alificha mbegu ishirini. Matanga yalipokwisha akaenda kuzitafuta, akakumbuka tatu.

Msicheke. Na nyie mna vyenu mlivyoficha.

Mwenyekiti wa matanga alikuwa Kima. Kima alikuwa anapenda msiba kama mtoto anavyopenda harusi. Alijua nani akae wapi, nani alie kwanza, nani aache kulia. Siku ya saba akapanda juu ya gogo la marehemu, akakohoa, akasema:

"Ndugu zangu, bibi yetu hatutamtupa. Mpaka arobaini ifike, gogo hili litafagiwa kila asubuhi, kwa zamu. Jani likidondoka, lifagiwe. Ukungu ukiota, ukwanguliwe. Na uyoga, yule mla maiti, nikimwona hata mmoja, nitamng'oa kwa mkono wangu. Sisi si watu wa hovyo. Maiti wetu haoti ukungu!"

"Haoti!" wakaitikia wote, na Kindi naye akaitikia kwa sauti, maana alimpenda bibi yake.

Kesho yake zamu zikaanza. Fwa, fwa, fwa, ufagio wa njukuti, vile vijiti vya makuti. Kwaru, kwaru, kwaru, makucha. Gogo likang'aa.

Kindi akachukua mbegu yake ya kwanza. Akasema, "Mti hupandwa ardhini, kila mtu anajua." Akaipanda njiani, penye udongo laini. Hakwenda hata hatua kumi, akasikia mkwaruo. Alipogeuka, Nguruwe mwitu alikuwa amekwisha chimbua, ametafuna, amemeza.

"Shangazi Nguruwe!" Kindi akapiga kelele. "Umemla mtoto wa bibi!"

"Alaa! Alikuwa mtoto?" Nguruwe akasema, kasikitika kwelikweli. "Mwanangu, mimi nina watoto kumi na mmoja. Nikiona udongo uliotifuliwa, pua inakwenda yenyewe. Nisamehe."

Kindi akachukua mbegu ya pili. Akaitafutia mahali ambapo pua ya Nguruwe haifiki, kati ya mizizi ya mti mkubwa. Ikaota! Kindi akacheza, akapiga vigelegele peke yake. Lakini pale majani yalikuwa yanaanguka. Asubuhi jani, mchana jani, jioni jani. Kindi akaenda mtoni kuchukua maji, njiani akasahau alichofuata, akakaa huko siku tatu. Aliporudi, mche ulikuwa umelala chini ya majani, umekuwa mweupe, umekufa. Maskini, hata jua haukuwahi kulijua.

Ikabaki mbegu moja. Moja tu aliyoijua, katika msitu mzima. Kindi akaishika kwa mikono miwili, akaogopa hata kuitazama. Ardhini kuna Nguruwe, mizizini kuna majani, na mfukoni mwa shavu mbegu haioti. Akaenda kwenye gogo la bibi yake, akakaa upande wa chini, miguuni, kwenye kivuli, penye ule ubavu uliooza siku nyingi ambao fagio hazikuufikia vizuri. Akalia.

"Bibi, nimeshindwa," akasema. "Nimebakiwa na mmoja, na huyu nikimpanda atakufa kama wenzake."

Sauti ndogo ikasema, "Hodi."

Kindi akaruka. "Nani?"

"Mimi. Huku chini. Usinikanyage."

Akainama. Katika ufa wa gogo aliona kitu cheupe, laini, na kofia ndogo ya rangi ya maziwa. Alikuwa Uyoga.

"Toka!" Kindi akasema. "Wewe mla maiti! Unamla bibi yangu!"

"Namla, ndiyo," Uyoga akajibu, wala hakukasirika. "Sikatai. Lakini hebu niulize nala kwa ajili ya nani."

"Kwa ajili ya tumbo lako!"

"Tumbo langu? Mimi nina tumbo? Nitazame." Uyoga akajitikisa. "Mwanangu, bibi yako alikula jua miaka mia. Alikunywa mvua miaka mia. Yote yamo humu, katika gogo hili. Chakula tele. Lakini kigumu. Mche mchanga una meno?"

"Hauna."

"Mtoto asiye na meno hulishwaje?"

Kindi akafikiri. "Hutafuniwa."

"Basi mimi ndiye mtafunaji. Kigumu nakifanya laini, laini nakigeuza uji, na mtoto anakunywa. Mpande hapa, ubavuni mwa bibi yake. Nguruwe hapandi gogo, na majani huteleza. Mimi nitamtafunia."

Kindi akarudi nyuma hatua moja. Moyo wake ulikuwa mzito, mtu asiseme ulikuwa mwepesi. Kumpa mtoto wa mwisho yule yule anayemla bibi! Angekosea, hakuna mwingine. Angeungama nini kwa marehemu? Akamtazama Uyoga, akaitazama mbegu. Akakumbuka alivyokuwa mdogo, hana jino, na mama yake akimtafunia karanga na kumtilia mdomoni. Zilikuwa na mate, na zilikuwa tamu.

"Mama Uyoga," akasema, "ukinidanganya?"

"Nikikudanganya nitakuwa nimejidanganya. Na mimi nataka jirani. Lakini masharti ni matatu. Moja, usinifagie. Mbili, usinianike juani. Tatu, usimfukue mtoto kumtazama."

"Hilo la tatu ni gumu," Kindi akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimeliweka."

Basi Kindi akaipanda mbegu ya mwisho katika ufa wa gogo, akaifunika kwa kuvumwani mbichi, akaenda moja kwa moja kwa Kima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mjomba, ila roho inanisuta. Mimi ndiye mjukuu wa ndani, halafu wageni ndio wanaofagia? Watu watasemaje? Nipe zamu zote za upande wa chini. Nitafagia mwenyewe mpaka arobaini."

Kima akafurahi mno. "Huyo ndiye mtoto mwenye adabu! Chukua. Na upande wa juu, kichwani, nitafagia mimi mwenyekiti. Tuone nani atang'arisha zaidi."

Toka siku hiyo, kila asubuhi Kindi alishika ufagio, akasimama kando ya gogo, akafagia. Akafagia nini? Hewa! Alipiga ufagio kwenye jiwe huku anaimba:

Fagia, fagia, bibi amelala,
Fagia, fagia, vumbi litoke,
Fagia, fagia, Kima asikie!

Haya, niitikieni: Fagia, fagia!

Na Kima, kule upande wa juu, alisikia ule wimbo, akakwangua kwa nguvu zaidi, kwaru, kwaru, asije akapitwa.

Sasa kulikuwa na jambo Kindi hakulijua. Kima ana mifuko mashavuni, si mnajua? Siku za matanga alificha mbegu moja humo. Alikuwa hajaitafuna. Alipoona gogo la upande wake limeng'aa kama sahani, akasema moyoni, "Mtoto wa bibi atakuwa wangu. Siku ya arobaini nitamfunua mbele ya wote, na wanyama watasema, mwenyekiti huyu hana mfano." Akaipanda katika tundu safi, lililokwanguliwa mpaka likatoa maji, akaifunika kwa jani. Akaendelea kukwangua pembeni yake kila siku.

Kindi huko kwake alikuwa ana vita na mikono yake. Mkono wa kindi umezoea kufukua. Siku ya tatu mkono wa kulia ukamwasha. Akaukalia. Siku ya sita mkono wa kushoto ukamwasha. Akaukalia nao. Siku ya tisa ilimwasha yote miwili, akajikuta anaushika ukingo wa kuvumwani.

"Kindi," Uyoga akasema. "Nakuona."

"Nilikuwa naipangusa tu."

"Ipanguse kwa macho."

"Mama Uyoga, kama amekufa?"

"Kama amekufa, kufukua hakutamfufua. Kama yu hai, kufukua kutamuua. Sasa chagua."

Kindi akarudi kuikalia mikono yake. Aliona uchungu, msidhani ni mchezo. Kungojea kitu usichokiona ndiyo kazi ngumu kuliko kazi zote, na haina hata jasho la kuwaonyesha watu.

Siku moja Kima akaja kukagua. Bila hodi! Kindi akamwona amesimama juu ya gogo, mikono kiunoni, anatazama chini. Na Uyoga kwa wakati ule alikuwa ametandaza nyuzi zake, nyeupe pee, kutoka ufa hadi ufa.

"Nini hiki cheupe?" Kima akauliza, na ufagio anao.

Kindi akajisogeza mbele ya ule ufa. Maana kuvumwani ilikuwa hatua moja tu kutoka pale. Ufagio mmoja, na mtoto wa bibi hayupo.

"Mjomba," akasema polepole, "nawe unauliza? Maiti huvikwa nini?"

"Sanda."

"Sanda ina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Basi umeiona. Siku zile saba za matanga, mjomba, tulikula, tukalia, tukaimba, lakini bibi hakuvikwa sanda. Mimi nilinyamaza, nikasema nisimwaibishe mwenyekiti. Sasa imekuja yenyewe. Utamvua?"

Kima akatazama huku na huku asiwepo aliyesikia. "Sanda," akasema. "Naam. Ile sanda. Mimi si ndiye niliyeiagiza? Nilikuwa nakujaribu tu, mpwa wangu, kama unajua mila." Akashuka kinyumenyume kwa heshima, akaenda zake.

Uyoga alicheka mpaka kofia ikapata ufa.

Siku zikapita, arobaini ikafika. Wanyama wote wakaja. Hondohondo alikuja mapema kutafuta mahali pazuri pa kuonea. Nguruwe alikuja na watoto wake kumi na mmoja, wamepangwa mstari, wanasukumana. Kima alivaa mkufu wa maua. Akapanda gogo upande wa juu, akakohoa.

"Ndugu zangu! Leo tunaanua matanga. Sanda sasa itavuliwa, gogo lote litasuguliwa kwa mchanga na maji, toka kichwa hadi mguu. Lakini kwanza tazameni alichofanya mwenyekiti wenu. Nyie mlikula mbegu zote. Mimi nilitunza moja. Nimeipanda mahali safi kuliko kiganja cha mkono. Karibuni mumwone mtoto wa Bibi Mzambarau!"

Akafunua jani.

Palikuwa na kijiti. Kilikuwa kimeota, ndiyo, lakini kimepinda, kimekunjamana, na vijani vyake viwili vimekuwa rangi ya tumbaku.

Wanyama wakainama kutazama. Kisha Hondohondo akasema, "Mwenyekiti, huyo mtoto mbona kama mswaki?"

Watu wakacheka. Watoto wa Nguruwe wakagaagaa. Machozi yakamlengalenga Kima, na hapo Kindi akamwonea huruma, maana alijua Kima naye alimpenda bibi, ila upendo wake ulikuwa na makucha.

Lakini hasira ni nyepesi kuliko aibu. Kima akaukamata ufagio. "Kosa ni la huyu!" akapiga kelele, akamwonyesha Uyoga kule chini. "Mla maiti huyu ndiye kaninyonyea mtoto wangu! Leo namng'oa!" Akaruka, hatua moja, hatua mbili.

Kindi akajilaza juu ya ule ufa, tumbo chini, mkia juu.

"Ondoka, Kindi!"

"Siondoki."

"Nitakufagia nawe!"

"Nifagie. Lakini kabla hujanifagia, nijibu neno moja tu, mbele ya watu. Mjomba, ulipokuwa mchanga, huna jino hata moja, nani alikulisha?"

"Mama yangu! Nani mwingine?"

"Alikulisha vipi? Ndizi mbichi alikupa uitafune?"

Kima akasita. "Alinitafunia."

"Alichukua chakula, akatia kinywani mwake, akatafuna, kikachanganyika na mate, ndipo akakupa wewe?"

"Ndiyo."

"Ulimwita mlafi? Ulimkwangua kwa ufagio?"

Kindi akanyanyuka taratibu. Akaondoa kuvumwani polepole, kwa sababu hata yeye hakuwa amemwona mtoto wa bibi. Siku zote zile hakuwa amemwona.

Mche ulikuwa umesimama. Wima! Majani manne, mabichi, yanang'aa, na ncha yake nyekundu kama kucha iliyotiwa hina. Na kuuzunguka mguu wake wote, Uyoga na kofia zake, wakubwa kwa wadogo, kama wanawake waliokuja kumtazama mzazi.

Kindi akaangua kilio cha furaha. Alilia na kucheka, akashindwa kujua lipi liko mbele.

"Mimi nina watoto kumi na mmoja," Nguruwe akasema, akajipenyeza mbele. "Na nasema hivi: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwenyekiti, weka ufagio chini."

"Weka chini!" wakaitikia wote.

Kima akauweka. Akakaa juu ya gogo, akakitazama kile kijiti chake. "Na huyu wangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nilimpa usafi wote."

Uyoga akasema, "Mbegu huja na masurufu yake, chakula cha njiani cha siku chache. Yakiisha, hugonga mlango wa mwenyeji. Wako aligonga, hakukuta mtu. Mwenyeji ulimkwangua wewe mwenyewe."

"Amekufa?"

"Bado. Lakini kuvuka mpaka huko kwako ni siku tatu, na gogo lako umelianika. Nikipita juani, nakufa njiani."

Basi mkitaka kujua Kima alifanya nini, alilala. Alijilaza juu ya gogo, mgongo juu, akafanya kivuli kwa mwili wake. Siku ya kwanza jua likamchoma. Hakuondoka. Siku ya pili siafu wakamuuma. Alisema maneno ambayo mimi siwezi kuyasema mbele yenu, lakini hakuondoka. Siku ya tatu, chini ya tumbo lake, akasikia kitu laini kinampita, kinamtekenya.

"Hodi," Uyoga akasema.

"Karibu, mama," Kima akasema. "Pita. Karibu sana."

Na mche wa Kima ukapona. Uliota umepinda, kweli, na mpaka unakua mti ulibaki umepinda. Lakini usingethubutu kusema hivyo mbele ya Kima. Yeye alikuwa anasema ule wa Kindi ndio umenyooka kupita kiasi.

Miaka ikaenda. Miche ikawa miti. Kila ilipokuwa inapanda juu, gogo lilikuwa linashuka. Likawa laini, likawa unga, likawa udongo mweusi. Asubuhi moja Kindi, mzee sasa, mwenye wajukuu, akaja kumwamkia bibi yake kama ilivyokuwa desturi yake. Akatazama. Bibi hayupo. Hakuna hata kibanzi.

Kindi akasimama pale, akaona huzuni imemjia kama siku ile ya kwanza. "Mama Uyoga," akasema, "umemmaliza."

"Nimemmaliza," Uyoga akajibu kutoka chini, mizizini. "Inama utazame."

Kindi akainama. Mizambarau ile miwili haikuwa imekaa chini kama miti mingine. Ilikuwa imesimama kwa miguu, mizizi yake imeshuka huku na huku, ikaingia ardhini, na katikati imeacha uwazi mrefu, wa mviringo, kama ushoroba. Kindi akaingia. Akaupima kwa hatua zake za uzee, toka mguu hadi kichwa. Ulikuwa na unene ule ule wa bibi yake, na urefu ule ule. Miti ile ilikuwa imesimama ikimpakata bibi, na yeye alipokwisha, mikono ikabaki vile vile.

Kindi akajilaza humo ndani. Hakulia. Juu yake, zambarau ya kwanza ikaiva, ikadondoka, to!, ikamwangukia tumboni.

Akaila. Mbegu hakuificha. Aliibeba mpaka kwenye mti mwingine ulioanguka mwaka ule, akaishindilia katika ufa, akasema, "Hodi, Mama Uyoga, nimekuletea mtoto." Na safari hiyo hakusahau.

Ndiyo maana hata leo, mkienda msituni mkakuta mti umesimama juu ya miguu, chini yake wazi, msiulize umepanda juu ya nini. Uamkieni tu: shikamoo bibi. Na mkikuta gogo limeota uyoga, msilipige teke. Humo ndani kuna mtu yuko kazini.

Mafunzo ya ngano hii hayajifichi, ila nayasema kwa sababu nawajua. Heshima si ufagio peke yake. Usimwite mlafi anayetafuna kabla hujaona anamtafunia nani. Na aliyelala, mkimwachia wenye kumgawa, hulisha waliosimama.

Ngano yangu imeshuka mzigo hapa. Kama ilikuwa tamu, mezeni. Kama ilikuwa chungu, temeni, lakini mteme mahali itakapoota.